Inyamanza Inatua Hewani

"Toka kwenye barabara, utakanyagwa!"

"Sitoki."

"Nimesema toka! Kamyo za mawese hapa hazina freni, na wewe umesimama katikati kama nguzo. Sababu ya ndege! Ndege!"

"Shefu, angalia mudomo yake."

"Mudomo ya nani?"

"Ya ndege. Angalia kwanza, kisha utanitukana vizuri."

"Mimi niangalie mudomo ya ndege? Saa tisa parke ya mashitaka inatuma gari kumupeleka Pontiani gerezani. Saa tisa! Na wewe unanipigia telefone nikimbie kilomita kumi na mbili, nimalize esansi ya gari ya wiki nzima, nije kuona ndege?"

"Iko na chakula kwa mudomo."

"Ndege zote ziko na chakula kwa mudomo!"

"Hapana. Ndege inapata, inakula. Hii haikuli. Inabeba tu, na haijui pa kupeleka."

Kamyo ikapiga honi ndefu. Shefu Abdoulkarim, mukubwa wa upelelezi pale Rumonge, akamukamata Aziza kwa mukono, akamuvuta pembeni ya lami ya kaburimbo. Kamyo ikapita, vumbi ikawafunika wote wawili. Aziza hakujipangusa hata. Alikuwa OPJ, polisi wa upelelezi, tangu miaka mitatu tu, na macho yake yalikuwa palepale ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo kulikuwa uwanja wa Muze Dismasi, fundi wa mitumbwi. Nyuma ya kibanda chake ziwa ilikuwa inang'aa kama bati mupya, bila mutumbwi hata moja, sababu ziwa ilikuwa imefungwa tangu mwezi wa tano ili samaki izae. Kati ya kibanda na kaburimbo kulikuwa nafasi tupu. Na juu ya ile nafasi tupu, inyamanza.

Inyamanza kila mutu anaijua. Ile ndege ndogo nyeusi na nyeupe, inatingisha mukia, inatembea kwenye uwanja wa watu kama ni yeye analipia nyumba. Lakini hii haikutembea. Ilitoka upande wa ziwa na nzi mbili tatu kwa mudomo, ikafika katikati ya nafasi, ikasimama hewani. Ikapiga mabawa haraka haraka. Ikanyoosha miguu kama inatua. Hakukuwa kitu cha kutulia. Ikaanguka kidogo, ikapanda, ikajaribu tena. Palepale. Urefu uleule, sawa na kitovu cha Aziza. Mwisho ikashuka chini, ikakimbia huku na huku, ikalia, na chakula bado iko mudomoni.

"Mara ngapi?" Shefu aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Tangu saa nne nimehesabu mara thelathini na moja. Ziko mbili, mume na muke. Zinapokezana. Zote zinatua hewani, hapo hapo."

"Labda zina wazimu."

"Zote mbili? Siku moja? Mahali pamoja?"

Shefu akavuta pumzi. "Sema."

"Ndege yenye kubeba chakula bila kula iko na watoto. Watoto wako kwenye kiota. Kiota kilikuwa pale, juu ya kitu chenye urefu ule. Kile kitu kimeondolewa na watoto ndani. Wazazi hawajui kimeenda wapi, wanajua mahali tu. Sasa, kimeondolewa lini?"

"Wewe ndiye mwalimu."

"Kingeondolewa juma iliyopita, wangekuwa wameisha kata tamaa. Ni jana. Na kilikaa pale muda gani? Kujenga kiota, juma moja. Kutaga, siku nne. Kulalia mayai, majuma mawili. Weka pamoja."

Shefu alihesabu na vidole, midomo ikitingika. "Ishirini na tano."

"Na mutumbwi ya Leonidasi imepotea siku ngapi?"

Hapo hakuhitaji vidole. "Ishirini na sita," alisema, na akaangalia saa yake. Saa sita na robo.

Dosie ya kesi yenyewe ilikuwa nyembamba. Usiku wa tarehe sita, mwezi wa saba, wanajeshi wa marini, wenye kulinda ziwa, waliona mutumbwi moja kwenye ziwa, taa zimezimwa, iko inavua wakati ziwa imefungwa. Waliipigia risasi, ikakimbia. Hawakusoma namba. Kesho yake Leonidasi, mwenye mitumbwi minne na duka sokoni, akafika polisi. Alisema mutumbwi yake moja, ya bluu, plake namba 0417, imeibwa ule usiku pamoja na moteri. Mwizi ni Pontiani, kapiteni wake. Pontiani alikimbilia Tanzania akiwa mutoto, akarudi mutu muzima, anajua watu wa kila ng'ambo, basi lazima ameiuza Congo. Shefu aliamini. Mutumbwi haikuonekana, moteri haikuonekana, shahidi hakuna. Pontiani alikuwa kwenye kasho ya polisi tangu ile siku.

"Umejua wapi mambo ya mayai?" Shefu aliuliza wakivuka barabara.

"Nimekulia mwaloni, pale mitumbwi inapotua. Mwezi ukijaa wavuvi hawatoki, mitumbwi inalala, inyamanza zinaingia ndani zinajenga. Baba yangu aliacha mutumbwi yake juu ya muchanga mwezi muzima sababu ya mayai matatu. Mama alimutukana kila asubuhi. Lakini hata yeye hakumwambia atoe kiota."

* * *

"Amahoro, Muze Dismasi."

"Amahoro, mwanangu. Umerudi tena?"

Juzi Aziza alikuwa amepita kwa mafundi wote wa barabara ile akiuliza mutumbwi ya bluu. Dismasi alimujibu hajaona. Alikuwa muzee wa miaka sitini na kitu, mwembamba, penseli nyuma ya sikio, na alikuwa amekaa kwenye kigogo akinoa musumeno ambayo ilikuwa imenolewa tayari.

"Muze, hapa kulikuwa nini?" Aziza alionyesha chini.

Majani ya pale yalikuwa yamekufa, manjano kabisa, na pembeni yake majani mabichi. Yale ya manjano yalikuwa marefu hatua nane, mapana katikati, membamba huku na huku.

"Mbao. Nilizifunika na shitingi, jua isizipasue."

"Mbao zenye pua?"

"Nilizipanga hivyo. Ndefu katikati, fupi pembeni."

"Ziko wapi?"

"Nimeuza jana. Mama mumoja wa Kabezi. Alikuja na kamyoneti nyeupe."

Shefu alikuwa ametoa telefone tayari. Alipigia polisi wa bariyeri ya njia ya Bujumbura. Alisikiliza, akasema "eh, eh", akakata.

"Jana kamyoneti nyeupe zimepita tatu," alimwambia Aziza. "Moja ilikuwa na mbao. Na mwanamuke mbele."

"Mbao za rangi gani?"

"Nyekundu. Mupya."

"Ndiyo zenyewe," Dismasi alisema, na kwa mara ya kwanza alicheka kidogo. "Za Congo, nzuri sana."

Shefu alimuangalia Aziza kama mutu anayeangalia gari yake imekwama kwenye matope. Akaanza kurudi barabarani.

Aziza alipiga magoti. Alichota unga wa musumeno chini ya meza ya fundi, akaupuliza polepole kwenye kiganja. Ndani yake kulikuwa vipande vidogo kama magamba ya samaki. Bluu.

"Na hii?"

"Mulango ya kanisa. Nimeukata juzi."

"Kanisa gani?"

"Ya huko juu, Bugarama."

"Kila kitu uko na jibu, Muze."

"Kama ni kweli, jibu haikosi."

Shefu alikuwa ameisha fika kwenye gari. "Aziza! Twende! Nitasaini, parke wamuchukue, tulale!"

Aziza hakusimama. Chini ya meza, nyuma ya kopo za misumari, kulikuwa kopo moja ya nyanya, imefunikwa na jani la mugomba. Jani lilikuwa bichi. Alilitoa. Ndani kulikuwa funza ndogo nyeupe, zile za kwenye michikichi yenye kuoza, na nzi. Nzi hazikuwa na mabawa. Mutu alikuwa amekaa akazikata moja moja.

"Hii ni ya nini, Muze?"

"Hiyo?" Dismasi alisema. "Chambo. Ya kuvulia."

Mulango ya gari ya Shefu, ambayo ilikuwa nusu wazi, ikabaki nusu wazi.

"Ya kufanya nini?" Shefu aliuliza kutoka ng'ambo.

"Kuvua, Shefu. Na ndoana tu. Samaki mbili za mboga..."

"Ziwa imefungwa, Muze."

Bisi ikapita, inapiga muziki. Shefu akavuka tena barabara, tumbo mbele, na sasa hakuwa mutu mwenye kuchoka.

"Rudia," alisema. "Rudia mbele ya mimi na OPJ. Uko unavua wakati serikali imekataza? Basi panda gari sasa hivi, sina shida. Ao hiyo si chambo? Chagua moja. Nakungojea."

Dismasi alipangusa uso na mukono yenye unga wa mbao. Uso ukawa mweupe.

"Samaki haijali mabawa ya nzi," Aziza alisema polepole. "Mwenye kukabwa na mabawa ni mutoto wa ndege. Muze, ziko ngapi?"

Muzee aliweka musumeno chini.

"Nne," alisema. "Hazitaki kula kwa mukono yangu. Tangu jana. Nimejaribu na kijiti, nimejaribu na unyoya. Moja inafungua kidogo. Mbili zimeanza kulala sana, mwanangu. Sijui nifanye nini."

"Tuonyeshe."

* * *

Zilikuwa jikoni, chini ya kitunga kilichofunikwa. Dismasi alikiinua kama mutu anayefunua chakula cha wageni.

Ilikuwa kipande cha mbao, kimekatwa na musumeno pande tatu. Pua ya mutumbwi, ile pembe ya mbele kabisa. Ndani ya pembe kulikuwa kiota cha majani makavu na nyuzi za nyavu, na ndani ya kiota nyama nne ndogo zenye manyoya machache, macho yamefumba.

Aziza aligeuza shingo kuangalia upande wa nje. Rangi ya bluu. Musitari wa manjano. Na namba nyeupe: nusu ya nne, kisha moja, kisha saba.

"Shefu. Plake."

Shefu alifungua dosie, kidole kikatembea. "Sifuri, nne, moja, saba." Akasoma tena kwa sauti kubwa, kama haamini kinywa chake. "Nne, moja, saba! Lete hiyo kitu kwenye gari!"

"Hapana."

"Hapana nini? Ni ushahidi!"

"Ukiibeba hivi, mutetezi wa Leonidasi atasema nini? Atasema mwizi alivunja mutumbwi, ubao ukaelea, muzee akaokota kwenye ziwa. Namba inatuambia ni mutumbwi gani. Haituambii ilikuwa imekaa wapi. Mimi nataka waone ilikuwa hapa, kwenye hii barabara, siku zote Pontiani anaoza kwenye kasho."

"Na nani atasema hivyo? Huyu?" Shefu alinyoosha kidole kwa Dismasi. "Amedanganya mara nne mbele yangu."

"Wale wawili wa nje. Hawajui kudanganya."

Shefu aliangalia saa. Saa saba kasoro. "Na zikikataa kuja?"

"Nimechoma esansi yako bure, na Pontiani anaenda."

Walifanya haraka. Aziza alikuwa ameisha pima ule urefu asubuhi na mwanzi moja, akaweka alama na ukucha. Dismasi alileta meza yake ya miguu mitatu, Shefu akabeba kreti mbili za soda, wakapanga mpaka ikafika kwenye alama. Mahali penyewe Aziza alikuwa ameweka alama ya jiwe, pale kwenye ncha ya majani ya manjano. Muzee mwenyewe ndiye aliweka kipande juu, pua ikiangalia barabara. "Hivi ndivyo ilikaa," alisema. "Hapana, subiri. Hivi." Akageuza kidogo.

Wakavuka barabara wote watatu, wakachuchumaa kwenye mutaro. Aziza aliwasha kamera ya telefone.

Dakika tano. Hakuna. Dereva wa taksi-moto akasimamisha pikipiki yake.

"Munangojea waziri?"

"Tunangojea shahidi," Shefu alisema.

"Shahidi wa nani?"

"Wa serikali. Nyamaza, zima moto yako."

Wakaja wengine. Wamama wawili wenye ngazi za michikichi kichwani wakatua mizigo. Inyamanza ikatokea upande wa ziwa, ikaja chini chini, mudomo imejaa. Ikafika pale. Ikasimama hewani. Ikanyoosha miguu...

Bisi ikapita katikati. Honi, upepo, vumbi. Bisi ilipoisha, ndege haikuwepo.

"Mungu wangu," Shefu alisema. "Namba ya hiyo bisi! Nani ameshika namba ya hiyo bisi? Nitamufunga!"

"Shefu, kaa chini."

"Nitamufunga na abiria wake!"

"Kaa chini, inarudi."

Ilikuwa inarudi. Ilizunguka kibanda mara moja, ikakuja moja kwa moja, ikasimama hewani, ikapiga mabawa, ikanyoosha miguu. Na ikatua. Safari hii kulikuwa mbao chini ya miguu yake. Ilisimama pale imekauka, kama mutu aliyefungua mulango akakuta taa inawaka. Kisha midomo nne za manjano zikafunguka kwa pamoja, na kilio yake ikasikika mpaka ng'ambo ya kaburimbo.

"Ametua!" Shefu alimupiga Aziza mugongoni, telefone karibu iponyoke. "Ametua, mama wee! Ametua!"

Mataksi-moto wakapiga honi bila kujua ni furaha ya nini. Mama mumoja wa ngazi akapiga kigelegele. Ya pili ikafika na funza, ikangojea zamu yake kwenye kreti, mukia juu, mukia chini. Dismasi alikuwa ameshika kichwa na mikono miwili, analia bila sauti.

Alisema yote hapo hapo kwenye mutaro, na Aziza akaandika.

"Leonidasi alikuja saa kumi ya alfajiri, ile siku ya tarehe saba. Alikuwa ndani ya mutumbwi mwenyewe, na vijana wawili wa Kabonga. Kulikuwa tundu mbili za risasi pembeni. Alisema wanajeshi wasijue ni yeye alikuwa anavua, ficha, ziba, nitakupa kazi ya mitumbwi yangu yote. Nikaifunika na shitingi. Inyamanza zikaingia chini ya shitingi, mimi nikaziacha. Juzi wewe umepita unauliza. Nikamupigia Leonidasi simu. Jana asubuhi akaja, akasema: kata yote, peleka kwa wanaochemsha mawese, iwe kuni. Nikakata yote. Imeungua yote, mwanangu; ile kamyoneti ya mbao niliiona tu ikipita. Nilipofika kwenye pua nikakuta mayai yamekuwa watoto."

"Ungehamisha kiota."

"Kimeshikana na ubao. Kingevunjika."

"Na namba? Ungeifuta na randa. Dakika mbili."

Dismasi alimuangalia kama Aziza ndiye amesema kitu kibaya. "Nipige randa chini yao? Wangetetemeka wakafa. Inyamanza ilikuja kwangu yenyewe, ikajenga kwangu. Mimi niiue? Nilisema juma mbili, wataruka, kisha nitachoma."

"Na Pontiani angekuwa gerezani."

Muzee aliangalia chini mpaka Aziza akageuza ukurasa.

Kwenye PV, ile karatasi ya ushahidi, Shefu alitaka neno kwa neno. Waliandika: kipande kimoja cha mbao, rangi ya bluu, namba imekatwa, pamoja na watoto wanne wa ndege, hai. Kipande kitabaki mahali pake mpaka watoto waruke, chini ya ulinzi. Aziza alisaini, kisha dereva wa taksi-moto na mama wa kigelegele wakasaini kama mashahidi. Dismasi akasaini wa mwisho. Shefu akapigia polisi wawili Rumonge: mukamateni Leonidasi, mupekue stoo yake, mutafute moteri.

"Saa nane na dakika kumi," Aziza alisema. "Parke haisikii telefone, inataka karatasi. Twende."

* * *

Gari ya Shefu ilikwenda kilomita saba. Kisha ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

"Nilikwambia," Shefu alisema, mikono bado kwenye usukani. "Nilikwambia esansi. Nilikwambia ao sikukwambia?"

Aziza alikuwa nje tayari, PV ndani ya shati. Alisimamisha moto ya kwanza iliyopita. Dereva aliangalia tumbo ya Shefu, akaangalia tairi ya nyuma.

"Wote wawili? Hapana, dada. Tutapasuka."

"Panda katikati, Shefu. Wewe, endesha. Tukipasuka polisi italipa tairi."

"Polisi?" dereva alicheka, lakini akaendesha.

Walifika komisaria ya polisi saa tisa kasoro dakika tatu. Gari ya parke ilikuwa uwanjani, mulango ya nyuma wazi. Pontiani alikuwa na pingu, muguu moja ndani, muguu moja chini, peku. Muke wake Evangelina alikuwa amesimama pembeni, ameshika viatu vyake na kikapu cha chakula ambacho walikataa kupokea.

"Mushushe!" Aziza aliita kabla moto haijasimama.

Ajenti wa parke aligeuka. "Nani amesema?"

"Mimi," Shefu alisema, na akashuka, suruali nzima nyekundu ya vumbi. "Soma hii."

Ajenti alisoma. Akarudi juu akasoma tena. "Watoto wanne wa ndege, hai?"

"Soma mpaka chini. Kuna sahihi nne."

"Hii ni muchezo?"

Aziza alimuwekea video mbele ya macho. Ajenti aliangalia mara moja, akaomba kuona tena, kisha akaenda pembeni kupigia mukubwa wake. Alizungumza dakika sita. Evangelina hakupepesa. Ajenti aliporudi alitafuta ufunguo kwenye mufuko wa nyuma, na pingu ikafunguka.

Pontiani alishusha ule muguu mwingine. Alikaa kwenye ngazi ya komisaria. Evangelina akamuvalisha soksi kama mutoto.

Leonidasi aliletwa kabla ya saa kumi, kwa miguu, kati ya polisi wawili, shati imepigwa pasi. Polisi wa tatu alikuja nyuma anasukuma moteri kwenye kitoroli; waliikuta chini ya magunia ya mihogo. Leonidasi alimuona Pontiani na akaenda kwake moja kwa moja, polisi wakamuacha.

"Pontiani, mutoto wangu," alisema. "Tumetoka mbali, mimi na wewe. Nilipatwa na woga, ndiyo hiyo tu. Risasi, unajua risasi? Hii mambo tuimalize nyumbani, mbele ya familia. Waambie umenisamehe, waandike, tutoke hapa pamoja."

Pontiani alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Hakuinua kichwa.

"Bosi, niko na swali moja."

"Uliza, uliza."

"Ile siku uliniita kwako. Ulinipa kiti chenye mugongo. Ulinifungulia bia wewe mwenyewe, ukasema kunywa, kapiteni, umefanya kazi vizuri. Polisi walinikuta hapo na chupa mukononi. Wakati unanifungulia ile chupa, ulikuwa umeisha kuja hapa kunishitaki, ao bado?"

Leonidasi aliangalia vifungo vya shati yake. "Mambo yalikuwa haraka, siku ile..."

"Dada," Pontiani alimwambia Aziza. "Dosie inasema nini?"

Aziza alifungua ukurasa wa kwanza. Alisoma saa iliyoandikwa juu, mukono wa kulia.

"Alishitaki saa sita ya mchana."

"Na mimi aliniita saa kumi na mbili ya jioni."

"Pontiani," Leonidasi alisema, akanyoosha mukono. "Pontiani, sikiliza."

Pontiani alimaliza kufunga kamba. Alisimama, akachukua kikapu kwa Evangelina, akageuka, akatembea mpaka kwenye geti, na muke wake nyuma yake.